Kwao nani anafua? Filamu za matineja zinapofika Kirumba

Desemba iliyopita mpwa wangu wa miaka 17 alikuwa kwangu Kirumba, hapa Mwanza, akisubiri matokeo ya kidato cha nne. Siku moja ya mvua nilimwekea The Breakfast Club, filamu ya Kimarekani ya 1985 aliyoiandika na kuiongoza John Hughes. Wanafunzi watano ambao shuleni hawasalimiani wanapewa adhabu ya kushinda maktaba Jumamosi nzima, na mwalimu anawaagiza waandike insha ya kujieleza kila mmoja ni nani. Wanashinda wakitukanana, wakicheza, wakilia, wakiambiana mambo ya nyumbani kwao. Jioni wanatoka, na hadithi imekwisha.

Binti aliangalia kama nusu saa bila neno. Kisha: "Mjomba, yaani adhabu ni kukaa maktaba?" Shuleni kwao maktaba ni kabati moja ofisini kwa walimu, na adhabu ni kufyeka. Akanyamaza tena. Baadaye kidogo akatoa lile lililonifanya nisimamishe filamu: "Sasa Jumamosi yote hii, kwao nani anafua?"

Tangu siku hiyo, kila nikisikia watu wanabishana kuhusu filamu za matineja, swali hilo hunirudia.

Ubishi wenyewe unajulikana. Kwenye daladala ya kutoka Buzuruga, kwenye kikao cha wazazi, kanisani, msikitini, utasikia kwamba filamu za Kizungu zinawaharibu watoto: mabusu, vimini, kumjibu mama. Watoto nao, ukiwapata mbali na wazazi, watakwambia kwamba hizo ndizo pekee zinazowaonyesha wao. Taarifa ya habari ni ya baba, tamthilia ni ya mama, mahubiri ni ya wote, wao wamebaki na simu. Nawaelewa wote. Ila nadhani wazazi wamelishika jambo hili mahali pasipo na uzito, na vijana wanasifia kitu cha kweli bila kuuliza nani anakilipia.

Tuanze na kile ambacho filamu hizi zinadai. Karibu zote zinasema kwamba kukua ni tukio. Kuna usiku mmoja, safari moja, dansi moja ya mwisho wa mwaka, ugomvi mmoja na baba, na kulipokucha mtoto hayupo tena, yupo mtu mwingine. Mara nyingi ukubwa huo hupigwa muhuri kwa kuondoka: begi kwenye buti la gari, mama mlangoni, barabara ndefu. Si jambo la bahati mbaya. Tineja kama mteja alikua Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili, nchi ilipokuwa na fedha kiasi kwamba mtoto wa miaka 16 angeweza kuwa na gari, muda wake mwenyewe na vijisenti vya kwenda sinema. Watengenezaji walimwona amekaa kwenye kiti, wakamtungia hadithi ambamo yeye ndiye kitovu cha dunia. Anayenunua tiketi husimuliwa habari zake.

Hata sura wanazoonyeshwa ni za kuazima. Katika Grease ya 1978, Stockard Channing alikuwa na miaka 33 alipokuwa akiigiza mwanafunzi wa sekondari. Katika The Breakfast Club ya Hughes, Molly Ringwald alikuwa na 16 kweli, lakini Judd Nelson, aliyeigiza yule mkorofi, alikuwa na 24. Sheria za kazi huwabana watoto saa za kupiga picha, mtu mzima hana kikomo hicho, kwa hiyo anaajiriwa mtu mzima. Matokeo yake dogo wa Igogo mwenye chunusi anajilinganisha na jibaba lililonyoa ndevu asubuhi ile.

Huku kwetu ukubwa hauji kwa tukio. Unaongezewa kidogo kidogo, kama mzigo wa kichwani. Mwaka huu unatumwa dukani, mwakani unatumwa sokoni, mwaka unaofuata unaachiwa wadogo zako siku tatu mama akivuka kwenda Ukerewe kufuata mzigo. Hakuna anayekutangazia. Unashtukia tu kwamba mwenye duka ameacha kukurudishia pipi badala ya chenji.

Lugha yetu nayo imekaa hivyo. Ina kigori, ina mwali, ina barubaru, maneno yanayompima mtu kwa mwili wake na kwa mafunzo aliyopitia. Kwa aliye kati ya 13 na 19, bila kujali amefunzwa au la, tumeazima "tineja". Serikalini anaitwa kijana, na Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya 2007 inasema kijana ni mtu wa miaka 15 hadi 35. Mpwa wangu na mgombea udiwani mwenye watoto wanne wapo kapu moja.

Lakini ukitaka kujua filamu hizi zinafanya kazi gani Mwanza, usianzie kwangu mwenye kompyuta. Nenda kibanda umiza. Ninachokifahamu mimi kipo bondeni, si mbali na soko la samaki la Mwaloni, na upepo ukigeuka harufu ya dagaa inaingia bila kulipa kiingilio. Kuta za bati, turubai jeusi dirishani, mabenchi ya mbao yaliyong'arishwa na makalio ya vizazi viwili. Nje kuna ubao wa ratiba ulioandikwa kwa chaki: mpira wa Ulaya, ngumi, ngumi, mpira. Filamu ya matineja wanaoongea tu haijazi benchi. Inayojaza ni ile ambayo kijana anaonewa shuleni, anafundishwa kupigana, anarudi. Nayo ni hadithi ya kukua, ila imevaa mkanda mweusi.

Na inakuja ikiwa imetafsiriwa. Tangu enzi za Lufufu na kanda zake za VHS, mtafsiri wa filamu Tanzania hakuwahi kuwa mkalimani tu. Anasimulia, anaruka, anaongeza chumvi, anagombana na wahusika. Ng'ambo ya ziwa, Kampala, wenzetu wana ma-VJ wanaofanya vivyo hivyo kwa Kiganda. Siku moja nilikaa benchi la nyuma wakati msichana wa Kizungu anamfokea mama yake mezani, maneno makali, kisha anapanda ngazi na kubamiza mlango. Sauti ya DJ, yaani huyo mtafsiri, ikapita juu yake kwa upole: "Anamwambia, mama nimechoka, naomba nikalale." Halafu, kwa sauti yake mwenyewe: "Huyu dogo angekuwa kwetu Usukumani, mlango huo angelala nao nje." Kibanda kizima kikacheka, watoto wa miaka kumi na mbili wakagongana mabega.

Nililifikiria hilo mpaka nyumbani. Wazazi wanaohofia kwamba mtoto anamezeshwa tabia za Kimarekani hawajawahi kukaa kwenye lile benchi. Yule DJ ni kungwi asiye na leseni. Msichana amegeuzwa mtoto mwenye adabu, kisha amekemewa kwa kosa ambalo tafsiri imekwisha kulifuta. Bodi ya Filamu, kwa sheria ya 1976, hupanga filamu kwa umri wa mtazamaji, lakini flash haisomi daraja. Anayepanga ni huyu mwenye maiki.

Hata hivyo, kwa kumkinga mama heshima yake, DJ alimnyang'anya msichana sababu zake. Katika Kiingereza alikuwa akilalamika kwamba hasikilizwi. Katika Kiswahili naye hakusikilizwa. Wasichana wenyewe kibandani hawaingii, au wakiingia wanaitwa majina. Wao huangalia saluni, au kwenye simu, sizoni za Kikorea walizowekewa kwenye memori kadi.

Hapo ndipo ulipo utetezi mkubwa wa filamu za matineja, na naukubali bila kinyongo. Zinamwamini mtoto. Kati ya wale watano wa maktaba yupo Brian, hodari wa darasa. Anasimulia kwamba alipata F katika somo la ufundi kwa sababu taa aliyoitengeneza haikuwaka, na kwa ajili ya F hiyo alifikia kutaka kujitoa uhai. Filamu haimcheki wala haimpi nasaha. Inakaa naye. Mpwa wangu hapo hakuuliza swali lolote. Alivuta kanga akajifunika mabega.

Yeyote aliyeishi na mtoto anayesubiri matokeo anajua kwa nini. Yakishawekwa mtandaoni, ile namba ya mtihani inakuwa jina lako la pili. Shangazi aliyeko Geita anaifungua, jirani anaifungua, aliyekuwa akikuonea wivu darasa la tano anaifungua. Kama ni ziro, nyumba inakuwa na msiba usio na turubai. Na sisi tunajua kusema nini? "Utoto unakusumbua." "Ulikuwa unachezea simu." Mtoto wa miaka 17 mwenye uchungu wa mtu mzima anaambiwa uchungu wake ni wa kitoto, huku ndoo ya maji aliyobeba ikiwa ya mtu mzima. Filamu ya Kimarekani, pamoja na upuuzi wake wote, haimfanyii hivyo. Sijaona filamu yetu iliyokaa na mtoto aliyefeli dakika kumi bila kumsuta.

Sasa upande wa pili, na hapa ndipo ninapoachana na vijana. Tatizo la filamu hizi si busu. Busu mtoto wa Mabatini atalikuta bila msaada wa Marekani. Tatizo ni kwamba kosa halina bei. Mtu anatoroka shule, anavuta bangi (hata wale watano wanavuta, humo humo maktaba), anaharibu gari la baba, na saa moja baadaye analia, anakumbatiwa, muziki unapanda. Nyuma ya hadithi kuna mfuko mnene ambao kamera haiuonyeshi: shule itakayompokea Jumatatu, nyumba yenye chumba chake, bima, chuo. Kutangatanga ndiyo raha ya filamu, na kutangatanga kunahitaji mtu mwingine awe anafua.

Weka hadithi ile ile hapa. Msichana wa sekondari aliyepata mimba, mpaka Novemba 2021 serikali ilipofungua mlango wa kurudi, alikuwa amekwisha na shule ya umma. Sheria ya Ndoa ya 1971 ilimruhusu binti aolewe akiwa na miaka 15 kwa idhini ya mzazi, mvulana akingoja 18. Mahakama Kuu ikasema mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakiuka katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Ndani ya mipaka hiyo "usiku mmoja uliobadilisha maisha" si maneno matamu. Unabadilisha kweli, na hakuna anayeandika sehemu ya pili.

Hata kwao kuna bei zilizofichwa. Mwishoni mwa The Breakfast Club, Claire, mmoja wa wale watano, anamkalisha Allison, yule msichana wa ajabu mwenye nywele usoni, anampaka rangi, anamfunga utepe kichwani, na papo hapo mwanamichezo anamwona kuwa ni binadamu. Mpwa wangu alisonya. Molly Ringwald mwenyewe, aliyeigiza Claire, aliandika mwaka 2018 katika The New Yorker jinsi alivyoiangalia filamu hiyo na binti yake na kusumbuliwa na namna mhusika wake anavyonyanyaswa na yule mkorofi, ambaye mwishowe anazawadiwa mapenzi yake. Kuikosoa si wivu wa watu wa nje, basi. Aliyekuwamo ndani ameikosoa, na bado haikani.

Kwa nini basi tusitengeneze zetu? Swali zuri, na jibu linaudhi. Filamu zetu nyingi zinamjua mtoto na zinamjua mtu mzima. Aliye katikati zinamwita tu anapokuwa somo. Anaingia na sare. Dakika ya ishirini ameshapewa chipsi na mwenye bodaboda. Dakika ya arobaini anatapika. Baba anafukuza watu kwa fimbo, mama analia, mwisho maandishi: zuia mimba za utotoni. Ujumbe ni wa kweli, na najua kwa nini mashirika yanaulipia. Lakini msichana yule hana rafiki wa kucheka naye, hana wimbo anaoupenda, hana siku ya kawaida. Kukua kwake ni ajali ya kuzuiwa, kama kipindupindu.

Dunia nayo ilipokuja kutupiga picha haikufanya vizuri zaidi. Darwin's Nightmare ya 2004, filamu ya Mwaustria Hubert Sauper kuhusu sangara, ilipitisha watoto wa mitaani wa Mwanza mbele ya macho ya ulimwengu wakigombea wali na kuvuta gundi. Iliteuliwa kugombea Oscar. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliishutumu hadharani. Sitaurudia ugomvi ule wa madai kwamba ndege za kubeba sangara zilileta silaha. Ninachokumbuka ni kwamba sekondari za mjini hapa zilikuwa zimejaa matineja mwaka ule, wanaopendana, wanaofeli hesabu, wanaoiba embe, na hakuna hata mmoja aliyepata dakika.

Wapo wanaosema dawa ni kurudi kwenye jando na unyago. Wakisemea Mwanza, nawauliza: kwa nani? Wasukuma hawakuwa na jando. Walikuwa na kulima kwa pamoja na nsumba ntale, kiongozi wa vijana wa kijiji, aliyejua nani anachapa kazi na nani anategea. Ukubwa ulipimwa shambani. Wakurya wa Tarime, upande wa pili wa ghuba, wanalo jando lenye fahari zake zote, na pamoja nalo kisu kinachowapitia wasichana, ambacho sheria inakikataza tangu 1998 kwa walio chini ya miaka 18. Yale nayo ni tukio la siku moja linalomgeuza mtoto kuwa mkubwa. Wamarekani hawakulianzisha wazo hilo.

Filamu iliyolikaribia ziwa letu zaidi ni Queen of Katwe ya 2016, ya Mira Nair, kuhusu Phiona Mutesi wa Kampala aliyeanza kwa kuuza mahindi barabarani akaja kuwa mchezaji wa chesi wa kimataifa. Humo watu wanafua. Wanachota maji, wanafukuzwa kwenye chumba cha kupanga, dada mkubwa anaondoka na mwenye pikipiki na kurudi na ujauzito bila filamu kumfanya bango. Phiona akirudi nyumbani kutoka mashindano ya nje, kazi za nyumbani zinamshinda, na mama anaingiwa na hofu kwamba mwanawe sasa hana pa kutosha. Nadhani hakuna sehemu katika filamu za matineja za Afrika Mashariki iliyo ya kweli kuliko hiyo. Na mwisho wake hauna begi kwenye buti la gari. Una nyumba kwa ajili ya mama.

Kasoro yake ni moja, na si ndogo: ili kukua pale, ilibidi uwe na kipaji. Phiona alitoka kwa sababu alikuwa Phiona. Wale wavulana wa miaka 14 na 15 ninaowaona visiwani, wanaochota maji yanayovuja ndani ya mitumbwi ya dagaa, hawana chesi. Mwezi ukiwa mkubwa, dagaa hawafuati taa, mitumbwi inalala, na hao ndio wanaojaza vibanda usiku kucha na mgao wao mfukoni. Wanawaangalia Wamarekani wa miaka 24 wanaojifanya 16 wakiwalilia baba zao. Nimemwona mmoja akiangalia mdomo wazi, mikono yake imepasuka kwa kamba, na sikuweza kujua kama anamwonea yule wa kwenye tv huruma au wivu.

Tulipomaliza filamu, mvua ilikuwa imekatika. Nilimwuliza mpwa wangu, kama yeye angepewa kamera, angeanzia wapi. Hakufikiri sana. Angeanzia pale Mwaloni, yeye na mama yake wameanika dagaa, matokeo yanatoka siku hiyo, simu ina chaji asilimia nne. Anafungua ukurasa, unazunguka. Wingu linatanda upande wa ziwa. Watu wanaanza kukimbia kuanua.

"Halafu?"

"Inabidi aweke simu chini akaanue."

"Na matokeo?"

"Mjomba, hapo hajayaona bado. Mvua imewahi, nusu ya dagaa wameloa."

"Halafu?"

"Halafu wanauzwa kwa bei ya chakula cha kuku," akasema, akainuka kwenda kuangalia nguo zake kwenye kamba.